Nipo, Dada

Mama yao aligoma kuwaaga. Aliweka kiti chake cha plastiki katikati ya mlango, akanyoosha miguu mpaka kwenye kizingiti, akasema anayetaka kutoka amruke.

"Mtoto bado anakohoa," alisema.

Mtoto mwenyewe alikuwa mwanamume mwenye ndevu, karani wa bohari ya vifaa vya ujenzi, miaka thelathini na ushee. Lakini alikuwa kitindamimba, na nyumba nzima ilimwita Kitinda, na mtu akishaitwa hivyo hakui tena machoni pa mama yake. Mwaka ule homa ya mapafu ilimlaza hospitali wiki nyingi, ikamtoa mifupa mitupu. Daktari alisema sasa aanze mazoezi. Dada yake, fundi cherehani, aliposikia neno mazoezi aliamua mwenyewe yatakuwa mazoezi gani.

"Nitamrudisha mzima, mama," alisema, akiinua baiskeli juu ya ile miguu. "Tena na mashavu."

Dada huyu alikuwa mtu wa kazi. Katika chumba chake cha ushonaji, wasichana aliowafundisha walijua kwamba mshono ukipinda unafumuliwa wote, hata kama bibi harusi yuko nje analia. Baiskeli nayo aliiendesha vivyo hivyo. Alimpenda mdogo wake kufa, ila mapenzi yake yalikuwa ya amri tupu: nyoosha mgongo, kunja viwiko, acha kulialia.

Pikapu ya jirani iliwashusha kwenye lango la hifadhi jua likiwa bado changa. Mbele yao lami nyembamba ilikata jangwa. Kushoto kulikuwa na majabali mekundu yaliyochongwa na upepo, kulia uwanda wa chumvi, mweupe, usio na mwisho. Watu hutoka mbali kuja kupita hapo kwa baiskeli. Ni pazuri mno, na pamekaa kimya mno, na hakuna hata nzi.

"Maji nabeba mimi," alisema fundi, akichomeka chupa zote kubwa kwenye baiskeli yake. "Wewe beba mwili wako, huo wenyewe mzigo."

Kitinda akabaki na kichupa kimoja cha kulowesha midomo.

"Na sheria unaijua?"

"Wa mbele hageuki," Kitinda alijibu kwa uchovu wa mtu aliyefundishwa jambo hilo hata mezani.

Sheria ina sababu yake. Wa mbele anavunja upepo, wa nyuma anajificha mgongoni kwake, magurudumu yao nusura yaguse. Wa mbele akigeuza kichwa, baiskeli yake inayumba, na wa nyuma anakwenda chini. Kwa hiyo wa mbele anauliza tu, na wa nyuma anajibu. Wa nyuma naye haangalii majabali wala nini. Anakodolea macho gurudumu lililo mbele yake, linakokwenda naye yumo.

Mwanzoni safari ilikuwa kelele tupu.

"Dada, punguza."

"Kanyaga."

"Dada, kifua."

"Kifua kimefanyaje? Kiko palepale. Kanyaga."

Na kikohozi nyuma yake, kile kikavu, ambacho fundi hakuvumilia kukisikia. Ndiyo maana aliongeza mwendo. Alikuwa na imani kwamba ugonjwa unaachwa nyuma kama unavyoachwa mji.

Kisha upepo ukavuka barabara na vumbi jembamba la chumvi. Lilikuwa pazia la muda mfupi tu. Fundi alifumba macho nusu, akashika usukani sawasawa, akatokea upande wa pili kwenye hewa safi.

"Upo?"

"Nipo, dada."

Sauti ilikuwa yake, tena imetulia. Fundi akakanyaga zaidi, akitegemea kulalamikiwa. Hakulalamikiwa. Mlio wa gurudumu lililoachiwa lizunguke bila pedali, ule tiktiki-tiktiki, ulimfuata palepale, haupungui wala hausogei. Kikohozi kilikuwa kimekoma.

"Upo?"

"Nipo, dada. Uko vizuri."

Moyo wake ulifunguka. Miaka yote aliomba mdogo wa namna hii, mdogo asiyebishana. Alianza kuongea, yeye ambaye akiwa kwenye baiskeli hutoa amri tu. Alimweleza habari za dukani, za mteja aliyenenepa kati ya kupimwa na kujaribishwa, na nyuma yake mtu alicheka pale pa kuchekwa. Alipopunga kiwiko, kama wanavyofanya waendesha baiskeli wanapotaka kupokewa zamu ya mbele, alijibiwa, "Endelea tu, dada. Mimi hapa pananitosha."

Joto lilizidi. Pumzi ya aliyekuwa nyuma ilimfikia shingoni, na ilikuwa baridi. Aliipokea kwa shukrani. Kivuli chake kilikimbia ubavuni mwake juu ya lami, kifupi, kimoja. Alikiona, akaendelea na hadithi ya mteja.

Barabara ilipanda mpaka kwenye banda la kutazamia mandhari. Askari wa hifadhi alikuwa amekaa kivulini, viatu amevua, darubini shingoni, anakula biskuti kwenye pakiti.

"Karibu," alisema. "Wewe dada una mapafu. Umepanda mlima wote huu na unaongea peke yako."

"Naongea na mdogo wangu."

Askari alitazama nyuma yake, akaacha kutafuna.

Fundi akashuka na kugeuka. Lami iliteremka nyeusi, tupu, mpaka mahali inapoyeyuka kwenye joto. Hapakuwa na mtu.

"Nimekuona tangu kule chini kwenye vumbi," askari alisema taratibu, akitafuta viatu vyake kwa miguu. "Ulikuwa mmoja, dada. Nilidhani unaimba."

Fundi aliangalia chupa za maji, zote nne, zikiwa zimejaa kwenye baiskeli yake. Aliona kitu kimoja tu, kwamba jua limefika utosini na maji ya Kitinda ameyabeba yeye.

"Gari liko lango la pili, nalipigia sasa hivi," alisema askari, redio mkononi. "Subiri hapa."

Lakini alikuwa anaongea na vumbi.

Fundi aliteremka mlima ule bila kugusa breki, akiita. Safari hii aligeuka kila upande, sheria aliitupa huko. Mahali palepale chumvi ilipovuka barabara aliona alama ya tairi ikitoka kwenye lami. Hapakuwa na njia panda wala kibao. Alama iliacha tu barabara na kuingia kwenye ule weupe, imenyooka, bila kuyumba, alama ya mtu anayejua anakokwenda. Na ilikuwa moja.

Alimkuta mbali kuliko alivyothubutu kufikiri. Kitinda alikuwa bado juu ya baiskeli, anakanyaga polepole, macho yamekodolea chini kidogo mbele ya gurudumu lake. Midomo ilikuwa imepasuka. Alikuwa anatabasamu.

"Kitinda!"

Hakugeuka. Alisema, lakini alisema kuelekea mbele, kwenye chumvi tupu, "Nipo, dada."

Nywele zilimsimama fundi.

"Kitinda, niko hapa nyuma!"

"Ndiyo, namsikia," Kitinda alimjibu yule wa mbele. "Kweli kachukua sauti yako. Sigeuki."

Fundi alitupa baiskeli, akakimbia, akakamata tandiko kwa mikono miwili na kuvuta. Wote wakaenda chini kwa kishindo.

"Mpumbavu wewe!" alifoka, akimtikisa. "Bwege! Unakwenda wapi na kifua hicho? Na shati nimekushonea juzi tu unalipigia deki kwenye chumvi! Fungua mdomo. Fungua, nimesema!"

Kitinda alimtazama kwanza kwa hofu, kisha uso wake ukaanza kurudi, kidogo kidogo.

"Dada?"

"Ulitegemea nani? Kunywa. Taratibu, usije ukanitapikia."

Akanywa. Dada yake akamshikia chupa. Kisha Kitinda aliinua macho na kutazama kule alikokuwa anakwenda.

"Amesimama," alisema.

"Wapi?"

"Pale. Mguu mmoja ameuweka chini. Ametupa mgongo."

Fundi akatazama. Palikuwa na weupe na joto linalocheza. Hakuona kitu. Ila alisikia tiktiki, tiktiki, gurudumu likizunguka polepole, halafu likianza kwenda zake.

"Uliiacha lami, hukuona?" aliuliza. "Ulimfuata vipi mpaka huku?"

"Niliona." Kitinda aliinamisha kichwa. "Nilipokohoa alipunguza mwendo. Akaniambia pole. Aliniuliza kifua kinauma upande gani. Akasema nilipolazwa alikuwa ananililia usiku, msalani, amefungua bomba ili mama asimsikie." Alifuta midomo. "Nilifurahi sana, dada. Nikasema leo hata anipeleke wapi, nakwenda."

Lile bomba hakuna aliyelijua. Fundi hakuwahi kumwambia mtu.

"Ni kweli?" Kitinda aliuliza. "Ulilia?"

Machozi yalimjaa. Jibu lilikuwa limeshafika mdomoni, na lilikuwa laini, laini kuliko chochote alichowahi kumwambia mtoto huyu. Kisha aliona jinsi Kitinda anavyomtazama, anavyomchunguza uso, na akaogopa. Akilisema kwa upole ule, mdogo wake atajuaje ni nani anayelisema?

Mbali, barabarani, gari la hifadhi lilipiga honi.

"Inuka," alifoka. "Nyanyua miguu hiyo, mvivu mkubwa wewe."

Kitinda akainuka. Walitembea kuelekea kwenye honi, dada akimsukuma mgongoni kwa kiganja na kumtukana njia nzima, machozi yakimtiririka mpaka kidevuni. Na kila aliponyamaza kuvuta pumzi, Kitinda alisimama na kuuliza kwa woga, "Dada?", naye akaanza upya kumtukana.