Kamyoneti ya Capitoline

Saa mbili asubuhi Capitoline alikuwa wa sita mbele ya kioo cha mapokezi, kitenge cha msiba kiunoni, karatasi ya garanti mkononi. Kamyoneti yake ilikuwa na siku kumi na tisa ndani ya atelier, karakana ya duka lile lile lililomwuzia. Aliileta ikitembea, kwa kelele ya breki tu. Pitchou, fundi wa kando ya barabara kule Songo, alisikiliza gurudumu akasema ni kazi ya saa moja. Capitoline akamkatalia. Karatasi ilisema fundi wa nje akiigusa, garanti imekufa, naye aliiamini karatasi, kama babu yake alivyoiamini ile ya kampuni ya pamba, akalima bonde zima la Ruzizi na kufa anangoja alichoahidiwa. Tangu Wabeleji tunaibiwa kwa mihuri, na bado tunaikunja vizuri tunaiweka ndani ya Biblia.

Mama yake alifariki jana, na chumba cha maiti hakina umeme. Sharti azikwe leo. Kijijini kwao, Kiringye, walikuwa wanachimba kaburi tangu alfajiri, ubavuni mwa mumewe, alipotaka mwenyewe. Magari ya abiria yalikataa: dereva akibeba maiti, watu hawapandi tena gari lake. Ilibaki kamyoneti, na vizuizi vya barabarani hufungwa jioni.

"Fiche yako iko wapi, mama?" Ornella wa mapokezi aliuliza, macho kwenye simu.

"Karatasi hii hapa, mwanangu. Nimefiwa. Nipe gari hivyo hivyo, tutaenda polepole."

"Pole sana. Lakini gari haitoki bila chef kuweka sinyatiri yake hapa chini."

"Chef iko wapi?"

"Iko mu réunion."

Mzee mmoja kwenye benchi, aliyefuatilia gari lake tangu Pasaka, akacheka. "Mkutano wa mishikaki huo. Weye bado mugeni, mama. Minye hata mbwa wa hapa ananisalimia."

Chef d'atelier, Franck, mkuu wa mafundi, aliingia saa saba, kijiti mdomoni. Alisoma fiche kana kwamba iliandikwa Kichina.

"Pièce ya gari yako iko njiani."

"Pièce ya breki?"

"Ya pampu ya mafuta."

"Pampu haikukuwa na shida, Franck."

"Sasa iko nayo."

Capitoline hakungoja aendelee. Alimpita, akasukuma mlango wenye tangazo la kukataza wateja. Kamyoneti ilikuwa juu ya matofali, boneti wazi, vumbi hadi kwenye usukani. Pale pampu ilipokuwa, mtu alichomeka kitambaa. Hatua tatu kando, jeep nyeupe ya mkubwa mmoja wa serikali ilikuwa inanguruma vizuri.

Fundi aliyekuwa chini ya jeep alisema bila kutoka. "Tuliazima pampu tu, mama. Ya mukubwa ilikufa, na yeye hangoji."

"Toeni, mnirudishie."

"Nikiitoa, kesho minye ndiye ninafungwa mu cachot."

Franck alikuwa amemfikia. "Mama, andika malalamiko yako mu réclamation. Utajibiwa mu siku kumi na tano."

"Maiti ya mama yako inaweza kungoja siku kumi na tano?"

"Usilete politique hapa."

Franck hakuwa na hasira hata kidogo, na hilo ndilo lililomvunja Capitoline. Angemtukana, angalau wangekuwa watu wawili wanaogombana. Franck alimnyooshea fomu na kalamu ya bic, akatazama saa yake.

Simu ilimkuta nje ya geti, saa tisa na nusu. Mdogo wake Modeste, kutoka Kiringye.

"Dada, muko wapi?"

"Tuko hapa hapa."

Modeste alielewa. Nyuma yake jembe likasikika likitupwa juu ya mawe.

"Pastori anasema basi muzike huko mjini kabla ya giza. Lakini huku shimo limekwisha. Wazee wanauliza kama wakate mgomba."

Kwao kaburi lililochimbwa halilali wazi, lisije likaita mwingine wa nyumba. Lisipompata mwenyewe, hulazwa mgomba ndani yake, ukafukiwa. Baba angelala na mgomba. Mama angelala na watu wasiomjua.

"Dada? Uko?"

"Niko." Alijifuta uso kwa fomu ya réclamation, haikuwa na kazi nyingine. "Kateni mrefu, Modeste. Mama alikuwa mrefu."