Mama Mwenye Ufunguo

Kazini walimwita Mama Koma, kwa kuwa kwa miaka ishirini na miwili alikuwa akisahihisha vitabu vya watu kabla havijapigwa chapa. Macho yalikuwa yanawasha, mgongo umekufa ganzi, na mezani palikuwa na riwaya ya mhandisi mstaafu wa umeme. Ilihusu mji unaotawaliwa na mashine: ndiyo inayogawa maji, inayoamua nani aajiriwe na nani atibiwe kwanza. Mwishoni mhandisi mmoja anaingia kwenye jengo la mashine hiyo na kuizima.

Siku alipoimaliza, mwandishi mwenyewe alikuja kuchukua masahihisho. Alikaa ukingoni mwa kiti kama mtu anayesubiri majibu ya vipimo.

"Enhe, dada, umeionaje?"

"Makosa si mengi, mzee wangu. Mia mbili na kitu."

"Siulizi makosa. Hadithi! Yule jamaa alifanya sawa kuizima? Maana ile mashine haikuwa na upendeleo, wala haikula rushwa. Na watu walewale walioiomba iwatawale ndio..."

Mama Koma alisugua macho. Angeweza kumsifu tu, mambo yakaisha. Lakini hata uongo unataka nguvu.

"Kusema kweli, sijui. Mimi huwa naangalia maneno. Hadithi inanipita."

Mzee alimtazama. "Kurasa mia tatu, na hakuna kilichokugusa?" Akakusanya karatasi zake taratibu. "Basi mashine nimeikuta hapa."

Neno hilo hakulisema kwa ukali, na ndiyo maana lilimchoma.

Jumamosi asubuhi, baada ya kumpa mama mkwe dawa na kuanika nguo, alifungua nakala iliyobaki kwake akaisoma kama msomaji. Mwanzo ulimchosha, wakubwa wa mji walihutubiana mno. Karibu na mwisho akagota. Mhandisi amefika kwenye jengo la mashine, hana namna ya kuingia, na mfanya usafi mmoja, mama mtu mzima, anamfungulia mlango kwa ufunguo wake. Sentensi moja. Basi.

Akampigia mzee simu.

"Mzee wangu, yule mama mwenye ufunguo alikwenda wapi?"

"Mama yupi?"

"Aliyefungua mlango. Kesho yake si wataulizana nani alifungua? Umemwacha pale na ndoo yake."

"Sikumfuata," mzee akasema.

"Wewe waniuliza kama jamaa alifanya sawa. Mimi nataka kujua kwa nini mama alifungua."

Mzee akasimamisha uchapaji kwa wiki tatu. Bosi alimfokea Mama Koma mbele ya watu kwamba kazi yake ni koma, si mawazo. Alikuwa amechoka hata kukasirika.

Kurasa mpya zilikuja kumi na mbili, zimeandikwa kwa mkono. Yule mama sasa alikuwa na mume mgonjwa, ambaye mashine ilimweka mkiani kwenye orodha ya matibabu. Alifungua akijua anachofungua, kisha akarudi kudeki, kwa kuwa sakafu ilikuwa bado chafu. Mama Koma alisoma mpaka mwisho, akaondoa koma tatu, na pembeni akaandika: "Akae chini kidogo kwanza. Amedeki ghorofa nne."