Kindege Aliyelala Upande

Mimi nembo iliyopinda siivumilii. Kwenye saa za mkono za bei mbaya, kile kitufe cha kutilia ufunguo huwa na nembo kichwani, na kikishakazwa mpaka mwisho, nembo husimama inapotaka yenyewe. Mafundi wengi huiacha hivyo. Mimi huongeza washa, kipete chembamba cha chuma, chini ya kitufe mpaka ikae wima, ndiyo maana wateja huniita Mama Wima.

Basi mama mkwe aliponipa saa ya marehemu mumewe niisafishe, nikaona nembo yake, kindege wa kwenye kitufe, amelala upande. Nikamnyoosha bila kuulizwa. Nilijiona nimefanya la maana.

Mama haoni vizuri siku hizi. Anachoona ni mwanga na vivuli. Asubuhi alikaa dirishani, akakaza kitufe, akapitisha kidole gumba juu yake. Uso ukambadilika.

"Hii si saa ya baba yenu."

"Ndiyo yenyewe, Mama. Nimeisafisha tu."

"Mwanangu, kama umeiuza, sema. Sitakugombeza."

Damu ilinichemka. Miaka kumi na miwili naishi naye, leo naitwa mwizi, tena kwa upole! Mume wangu alimsomea namba za mgongoni mwa saa, moja moja. Mama akaifunika saa kwa leso, akageukia ukuta, chai yake ikapoa. Siku ya tatu hakutoka kitandani.

Hapo hasira zikaniisha, nikabaki na hofu. Ndipo nilipomkumbuka yule kindege.

Nikahamishia vifaa vyangu chumbani kwake. Kindege alivyokuwa amelala zamani sikupima. Nani hupima kosa? Nikatoa washa moja, nikakaza, nikamwekea Mama kidole chake juu ya kitufe.

"Bado," akasema.

Nikabadilisha.

"Amepita. Mrudishe kidogo."

Chumba kilikuwa cheupe kwa mwanga, pazia likivuta pumzi na kuitoa, na mimi sikujua tena kama tunatengeneza saa au tunamtafuta mtu humo ndani. Nakaza, anagusa, natoa. Saa ngapi zilipita sijui. Mara kidole chake kikatulia.

"Hapo," alinong'ona. "Anatazama kiganja. Vidole vya baba yenu vilipoingia ganzi, mimi ndiye niliyemkazia kila asubuhi, saa ikiwa mkononi mwake. Nikimgusa ndege, namwambia, tayari. Ndipo anaondoka."

Akalia, nami nikalia. Akaniomba radhi, nikamwomba na mimi. Kisha nikaanza kuifunga saa kwenye leso niiweke mezani.

"Usiiweke," akasema. "Lete mkono."

Siku hizi, kabla ya kwenda kazini, nakaa mbele ya mama mkwe na mkono wa kushoto nimeunyoosha. Anatia ufunguo, anakaza, anapapasa. Wateja wananicheka: Mama Wima, nembo yako mbona imelala? Nawaacha wacheke. Nyumbani sitoki mpaka niambiwe tayari.