Mazishi ya Mama Sebuleni

Televisheni niliinunua mimi. Naanza na hilo kwa sababu hapa Lufingo ukimuuliza yeyote atakwambia ni televisheni ya mwalimu Ackson, au ya baba yake. Mwalimu Ackson ni mume wangu. Mimi ni Generosa, muuguzi, mzaliwa wa Muleba, na niliinunua kwa sababu moja tu: nilitaka kumwona mama yangu akizikwa.

Mama alifariki nikiwa nimelazwa, nimetoka kumzaa Lusungu kwa upasuaji. Daktari aliposikia habari za basi kutoka Tukuyu mpaka Kagera alinitazama kama mtu aliyechanganyikiwa. Wakamzika bila mimi. Kaka yangu Emiliani alikodi mpiga video, mazishi yakarekodiwa mwanzo mpaka mwisho, nikatumiwa kwenye flashi. Ackson akanihamishia kwenye simu. Nikaangalia kidogo. Uso wa mama ulikuwa mdogo kama punje ya harage. Nikazima. Nikasema mama yangu sitamuaga kwa kukodoa macho.

Nikaanza kujinyima. Kitenge kipya hapana, saluni hapana, zamu za ziada ndiyo. Hatimaye tukaenda Mbeya tukarudi na inchi hamsini na tano, ile ambayo muuzaji aliapa kwamba unaweza kuhesabu kope za mtangazaji. Tuliifunika turubai juu na chini, maana mvua ya Rungwe haina adabu.

Fred, fundi wa madishi kutoka mjini Tukuyu, alipokuja kuifunga nilimwambia aipeleke chumbani.

"Chumbani?" Ackson akashangaa. "Mama Lusungu, kitu kama hiki chumbani? Watu watasema tunajifungia nacho."

"Waseme."

Fred alicheka, akaendelea kupima ukuta wa sebuleni kwa kamba. Alishajua nani atasikilizwa. Vumbi la matofali likamwagika kwenye makochi, vyuma vikakazwa, skrini ikapanda ukutani. Ilipowaka, hata mimi nilisahau hasira. Rangi zilikuwa kali, na nyasi za uwanjani zilionekana jani kwa jani. Nikajisemea, kesho namwona mama.

Hapo tukasikia kikohozi.

Wanyakyusa wanaoshika mila, mkamwana na baba mkwe hawaonani uso kwa uso. Kwetu Muleba baba mkwe unampigia magoti, unamsalimia, yameisha. Huku unamkimbia. Baba mkwe wangu, Mzee Alinanuswe, anakaa chini yetu migombani, na akipanda kuja kwetu hukohoa tangu njiani ili nisikie. Nikisikia, natoka kwa mlango wa nyuma naingia jikoni, na jiko letu liko uani. Kusema kweli zamani haikunikera. Alikuwa anakaa kidogo, anaongea na mwanawe, anaondoka. Na yeye akiniona kwa mbali na ndoo kichwani hukata kona akaingia migombani ili nipite mimi. Niliiona ni heshima ya pande mbili, nikaipenda.

Basi siku ile alikohoa, nikatoka, akaingia. Hakuondoka mpaka taarifa ya habari ilipoisha.

Kesho yake alikuja baada ya uji. Keshokutwa vilevile. Aliangalia mpira, Bunge, kilimo cha parachichi, hata katuni, na kicheko chake nilikisikia mpaka jikoni nikiwa napuliza kuni machozi yakinitoka, na si moshi tu. Kila alipoondoka mimi nilikuwa natakiwa zamu, au mtoto amelala na sauti inabidi ifinywe. Sikutaka kumuaga mama kwa kunong'ona.

"Mwambie baba aniachie siku moja," nikamwomba Ackson.

"Nimwambieje? Nimfukuze?"

"Mwambie mkeo ana msiba."

"Si ulishapita, Mama Lusungu?"

Alisema kwa upole kabisa. Ackson si mtu mbaya, na hiyo ndiyo shida yake: hajawahi kuona sababu ya kumuudhi yeyote, isipokuwa mimi.

Nikangoja Jumapili ya harambee kanisani kwao, siku ambayo ibada hukokota mpaka mchana. Nikabadilishana zamu. Nikavaa kanga niliyopewa na mama nilipoolewa, nikakaa kwenye kochi na Lusungu mapajani, Ackson akachomeka flashi. Kibanja chetu kikatokea ukutani, kikubwa, migomba ya kwetu, watu wa kwetu. Nikamwona Emiliani amekonda. Jeneza likaletwa uani, padre akasogea, wanawake wakajipanga. Mtu akainama kufungua kifuniko.

Kikohozi.

Mchungaji alikuwa ameitwa kwenye msiba Kisondela, harambee imeahirishwa. Hilo nilikuja kulijua baadaye. Wakati ule miguu yangu ilinyanyuka yenyewe, ikanitoa na Lusungu kwa mlango wa nyuma kabla sijafikiri, na mpaka leo hilo linaniuma kuliko yote. Hakuna aliyenisukuma.

Nikiwa jikoni nilimsikia mzee akiuliza: "Nani huyo kwenye sanduku?"

"Mama yake na Generosa, baba. Ngoja nizime."

"Usisime! Musiba hausimwi, Ackson. Wacha."

Akaagiza waitwe watu. Alisema ni aibu, mkwe wao amekufa na hakuna mtu wa Lufingo aliyekwenda kulia. Wakaja kina Mzee Jacob, akaja Mama Esnath na wanawake wenzake wa kanisani, wakavua viatu mlangoni na kujaa sebuleni kwangu. Wakarudisha video mwanzo. Na walilia kweli, siwasingizii. Walimlilia mama yangu kwa sauti zote, huku mimi nimesimama kati ya mafiga na ndoo nikisikia nyimbo za kwetu zikipenya dirishani.

Ackson akaja mlangoni, macho mekundu. "Umeona baba alivyomheshimu mama yako? Weka chai, Mama Lusungu. Watu ni wengi."

"Na mimi nitamwona lini?"

"Si baadaye? Flashi haikimbii."

Nikaweka chai. Kuna wakati waliangua kicheko, wote pamoja, kisha wakanyamaza wakaendelea kulia. Sikujua wamecheka nini.

Walipotoka, wanawake walipita jikoni mmoja mmoja kunipa mkono. "Ndaga fijo kwa chai, mwanangu," akasema Mama Esnath, bado anajifuta pua. "Mama yako alikuwa msuri. Paji pana kama lako. Na ile nguo ya zambarau waliyomvisha, ilimpendesa mno."

Sikujua kama alivishwa zambarau. Niliambiwa na mwanamke ambaye hakuwahi kukanyaga Muleba, na nikalazimika kumshukuru.

Nyumba ilipobaki yetu, Ackson alifuta makochi, akanishika mkono akanikalisha. "Haya, sasa ni zamu yako. Kaa kwa nafasi."

Nikamwona. Muuzaji hakudanganya, kope zinahesabika. Mama alikuwa mbele yangu, mkubwa kuliko alivyokuwa hai, na mimi machozi hayakuja. Nilijaribu. Nilichokuwa nikisikia ni Mama Esnath akisema zambarau. Kila nilichokiona walikuwa wameshakiona, wamekililia, wamekimaliza, kama chungu kilicholambwa.

Wakafika kaburini. Msemaji wa familia akaanza kuita watoto wa marehemu waje kuweka udongo. Akamwita Emiliani. Akawaita wadogo zangu. Kisha akainua kichwa na kuangalia umati, akaita kwa nguvu:

"Generosa! Generosa yupo?"

Akangoja. Kamera nayo ikazunguka nyuso za watu, taratibu, ikinitafuta.

Ackson akacheka kidogo, kicheko cha mtu anayekumbuka jambo zuri. "Hapa ndipo baba alituvunja mbavu," akasema. "Alimjibu yule bwana. Akamwambia, 'Yuko jikoni.'"

Nikamtazama mume wangu. Alikuwa ananisubiri nicheke.

Ukutani, yule msemaji alingoja tena kidogo, akatikisa kichwa, akaita jina lililofuata.