Mlio wa Gurudumu la Kushoto

Phyllis hakuzaliwa mwoga. Kabla ya ua wa umeme kujengwa kando ya msitu, ndovu walikuwa wakishuka hadi shambani kwao Kibugu, na yeye ndiye aliyetoka nje na debe akalipiga mpaka wakarudi walikotoka. Lakini gari la mumewe lilimshinda. Kila alipofunga mlango wake, vidole vyake vilianza kutafuta mahali pa kushika.

Lilikuwa saluni ndefu nyeusi, gari la wakubwa enzi zake, lenye viti vya ngozi na mbao zinazong'aa ubavuni mwa milango. Muchangi, mumewe, alilinunua alipostaafu kazi katika kiwanda cha majani chai, na tayari lilikuwa limemzidi umri kitinda mimba wao. Penye barabara iliyonyooka lilikwenda taratibu kama kitanda. Kwenye kona ndipo lilipotoa tabia yake: lililala upande, likanesa, likayumba kama mtu aliyeamshwa ghafla. Msimu wa mvua ndefu, wakiteremka kwenda Embu mjini, sehemu ya nyuma iliteleza ikaipita ya mbele. Gari lilipotulia walikuwa wakiitazama njia waliyotoka, gurudumu moja likining'inia juu ya mtaro, na chini yake michai ikiporomoka hadi mtoni. Hawakuumia. Muchangi alishuka, akalizunguka gari, akarudi ndani. Hakusema kwamba aliogopa, wala Phyllis hakumwuliza.

Badala ya kusema, alilipeleka gereji mjini kwa fundi aitwaye Hezekiah. "Nataka lishike barabara," alimwambia. Hezekiah akang'oa vya zamani vyote. Akaweka springi fupi na ngumu, shoki mpya za kuzuia gari kudundadunda, na chuma kinene kinachounganisha magurudumu ya mbele ili lisilale kwenye kona. Hata mikono ya chini inayoshikilia magurudumu alibadilisha.

Liliporudi nyumbani lilikuwa limeinama karibu na ardhi kama paka anayevizia. Muchangi alimwita mkewe apande ajionee. Ni kweli, mashimo sasa yaliuma mgongoni, lakini kona lilizipita kama maji yanavyopita kwenye mfereji.

"Umeona, Mama Kanini?" aliuliza, akimwita kwa jina la mtoto wao wa kwanza.

"Nimeona."

Aliona na jambo lingine, nalo hakulisema. Kona ambazo mumewe alikuwa akiziingia kwa tahadhari, midomo ameibana, sasa aliziingia akipiga mluzi. Zamani gari lenyewe lilimtisha likampunguza mwendo. Sasa ni nani angempunguza?

Siku ya kwenda Laare ilikuwa Jumamosi. Mwana wao Muriithi alikuwa anamchumbia Gacheri, binti wa wakulima wa miraa huko, na siku hiyo wazee wa pande mbili walikuwa wakutane. Wazee wa Kibugu walikodi gari wakatangulia alfajiri. Muchangi alikataa kupanda nao. Wazazi wa bwana harusi, alisema, watafika na gari lao, na litaonekana likiingia langoni.

Waliipita Embu, wakaipita Runyenjes. Jua lilikuwa limechomoza vizuri na redio ilikuwa ikiimba nyimbo za kanisani. Kwenye zile kona za kuteremkia mto Thuci, Phyllis alisikia kitu.

Ko.

Kilitoka chini ya miguu yake, upande wa kushoto. Hakikuwa kikubwa. Kilikuwa kama mtu anayebisha mlango mara moja kisha akasimama kusikiliza.

"Baba Kanini, kuna kitu kinagonga huku."

"Ni jiwe."

Kona iliyofuata: ko. Na nyingine tena: ko.

"Hilo jiwe linatufuata?"

Muchangi alicheka. "Ni vyuma vipya. Vinazoeana."

Walipanda upande wa pili, na kwenye tambarare mlio ukanyamaza. Hilo ndilo lililomwogopesha zaidi. Akawa anaungoja. Aliweka wayo wa kiatu chake sakafuni ili ahisi kabla ya kusikia, na macho yake hayakuona tena migomba wala maduka, yaliona tu kona iliyokuwa mbele. Katika kila kona mlio ulirudi, na masikioni mwake ulikuwa ukikua.

Walipofika Chuka alimwomba wasimame watafute fundi atazame.

"Tumechelewa. Wakwe wanangoja."

"Hezekiah alikuambia nini ulipolichukua?"

Muchangi alinyoosha mkono akaongeza sauti ya redio. "Alisema liko sawa."

Jibu lenyewe halikuwa na kasoro, ila lilichelewa. Phyllis alikuwa ameishi na mtu huyu tangu ujana wao, na alijua jibu lake la kweli linatoka haraka kama kikohozi. Hili lilitafutwa kwanza. Alishika ncha ya leso aliyojifunga juu ya rinda lake jipya, akaisokota.

Mbele yao kulikuwa na bonde la Nithi. Hakuna mtu wa pande zile asiyejua mteremko ule na daraja lililo chini yake. Kila ukoo una jina moja la kutaja, la mtu aliyefia pale. Barabara ilianza kuinama, lori lililokuwa mbele likawasha taa za breki, na Muchangi akatoka kulipita.

Ko. Ko-ko.

"Simamisha gari."

"Hapa? Kwenye mteremko?"

"Simamisha, ama nitafungua mlango likiwa linaenda."

Alimtazama usoni, akaona kwamba hatanii. Akapita lori, akasogea kando, magurudumu ya kushoto yakiingia kwenye changarawe. Phyllis alishuka na mkoba wake. Hewa ya nje ilikuwa baridi.

"Mama Kanini, watu watasema nini? Mke wa Muchangi anatembea na miguu kwenda kwa wakwe?"

"Waseme nilitembea. Na wewe, kama una akili, shuka pia."

"Ingia ndani ya gari."

"Siingii."

Muchangi aliegemea upande wa abiria, akauvuta mlango ukafungwa kwa kishindo. Saluni nyeusi ikarudi barabarani, na lori lile likafuata nyuma yake likinguruma. Phyllis aliiona ikishuka, ikikata kona ya kwanza, kisha ukingo wa udongo ukaimeza.

Alidhani akishuka hofu ingebaki ndani ya gari. Haikubaki. Ilishuka naye, na sasa haikuwa na pa kushika. Ndani angalau alikuwa akiona mikono ya mumewe kwenye usukani. Hapa hakuona chochote. Alianza kutembea kwa kasi, viatu vya kwendea ukweni vikiteleza kwenye kokoto. Maneno aliyomwambia mwisho yalimrudia: kama una akili. Hayo ndiyo maneno ya kumuaga mtu?

Honi ililia huko chini. Ndefu, ya gari kubwa. Kisha breki zikapiga kelele, kisha kimya.

"Ngai wangu!"

Alivua viatu, akavishika mkononi, akakimbia. Kona ya kwanza haikuwa na kitu, barabara tupu na mti uliojaa vumbi. Mkoba ulimpiga ubavuni, leso ikafunguka akaiacha. Alijiona amesimama mbele ya watoto wake akitafuta namna ya kuanza. Alimwona Muriithi akiambiwa mbele ya wakwe, kwenye viti vilivyopangwa. Alikata kona ya pili.

Lori lilikuwa limesimama limeelekea upande. Pikipiki mbili zilikuwa kando yake, na watu wameinama wamezunguka kitu cheusi. Hakumwona Muchangi miongoni mwao. Alisukuma bega la mtu, akasukuma la pili, na ndipo alipoviona viatu vya mumewe, vile vya kahawia, vimetokeza chini ya gari, ncha zikielekea juu. Havikuwa vikisogea.

Sauti iliyomtoka hakuijua. Watu waligeuka wote.

Kiatu kimoja kikatikisika. "Nani huyo analia?" sauti ya Muchangi ikatoka chini. "Mama Kanini? Niko hapa. Niko mzima."

Akatambaa nje kwa mgongo, suti ya ukweni imejaa vumbi na grisi. Phyllis hakumkumbatia. Alimpiga kifuani kwa mkoba mara moja, kisha akaketi chini barabarani.

Dereva wa lori, mtu mnene aitwaye Kathuri, ndiye aliyekuwa chini pamoja naye na ndiye aliyemweleza. Saluni ilikuwa imesimama ghafla mbele yake, akapiga honi na kufunga breki kwa nguvu zote. Alishuka kumtukana mzee, akamkuta tayari amelala chini akichungulia gurudumu la kushoto. Bolti inayoshikilia mkono wa chini ilikuwa imetoka karibu yote, nati imebaki kwenye ncha. "Mama," alisema, "kwa kona ile ya daraja, gurudumu lingeenda njia yake na mzee aende yake."

Phyllis alimgeukia mumewe. "Ulijuaje kusimama?"

Muchangi alipangusa mikono kwenye suruali, jambo ambalo hakuwahi kulifanya maishani. "Ulipotoka nilikasirika, nikazima redio. Nikafungua dirisha. Ndipo nikasikia." Alitazama chini. "Hezekiah aliniambia nikiliendesha kidogo nilirudishe, springi zikishakaa akaze bolti zote tena. Sikurudi. Lilikuwa linakwenda vizuri sana, nikaona ananisumbua bure."

Kathuri alileta spana zake, wakalipandisha kwa jeki, akakaza bolti mpaka mishipa ya shingo ikamsimama. Akawaambia waende mwendo wa kinyonga hadi Chogoria, na wasipite hapo bila fundi kulikagua lote.

"Nitakuitia pikipiki ikupandishe ng'ambo," Muchangi alimwambia mkewe, sauti ya chini. "Mimi nitakuja nalo polepole."

Phyllis alilitazama gari, akalitazama daraja, na mpando ulioukwea mlima upande wa pili. Alikuwa bado anaogopa, pengine kuliko asubuhi. Lakini kukisikiza kile kimya tena, akiwa peke yake barabarani, hakungeweza. Alivaa viatu vyake, akafungua mlango, akaketi.

Walivuka daraja kwa mwendo wa mtu anayebeba maji kichwani. Magari nyuma yao yalipiga honi, watu wakatoa vichwa madirishani kuwatukana. Muchangi hakumjibu hata mmoja. Chogoria fundi aligundua bolti nyingine mbili zimeanza kulegea, akazikaza, na kutoka hapo hadi Meru, na kutoka Meru hadi milima ya Nyambene, hakuna gari waliloliacha nyuma.

Waliingia Laare jua limekwisha pinduka, wazee wao wakiwa wamechoka kungoja. Wanawake wa pale walikuwa langoni wakiimba, na ilikuwa zamu ya mama wa kijana kuwajibu kwa wimbo. Phyllis alifungua kinywa, na badala ya wimbo yakatoka machozi. Nkirote, mama yake Gacheri, alimjia akamkumbatia.

"Ni furaha, mkwe wangu," Nkirote akasema akimpapasa mgongo. "Hata mimi nililia hivi asubuhi."

Phyllis alimshikilia kwa nguvu, wala hakumsahihisha.