Kiu ya Chura wa Bwera

Wahenga walisema kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji. Kuhusu chura mwenyewe kunywa petroli hawakusema neno, maana hawakuwahi kukutana na pikipiki ya Madame Kaswera.

Madame Kaswera alikuwa Mnande wa Butembo, Kongo, mnunuzi wa kahawa, aliyevuka mpaka zamani akaota mizizi Bwera. Pikipiki yenyewe ilikuwa ya magurudumu manne. Aliinunua kutoka kwa mradi mmoja uliofungasha virago, ipande milimani kwa wakulima na kushusha magunia. Vijana wa boda walipoiona imejikunyata chini, taa zimetokeza kama macho, hawakuulizana mara mbili. Wakaiita Chura.

Dereva wa Chura alikuwa Maate. Kabla ya hapo naye alikuwa boda, tena boda wa kawaida kabisa, wa kulala juu ya tanki akisubiri abiria. Alipopewa Chura akawa mtu. Alipanda matope ambayo wenzake waliyatazama wakiwa chini, na upande wa mkewe, Rusi, watu walianza kumtaja kwa jina lake badala ya kusema "yule aliyemchukua Rusi."

Shida ilikuwa moja. Tanki lilijazwa Jumatatu ili lifike Jumamosi, na kila Ijumaa lilikauka.

"Maate, mutoto yangu," Madame Kaswera alimwambia Jumapili baada ya misa, bado ameshika rozari. "Miye nilikuwa na bwana ya kukunywa, nikamufukuza. Sasa nimejinunulia ingine, ya magurudumu manne?"

"Madame, milima ndiyo inakunywa."

"Milima iko pale tangu Mungu aiweke, haijawahi kuniomba petroli. Sikiliza. Christophe wa Kasenyi anaitaka hii machine, abebe samaki. Juma hii ikifika Jumamosi na mafuta ndani, inabaki. Ikikauka njiani, inaenda kunuka samaki, na wewe unarudia boda."

Maate alijua maana ya kurudia boda. Maana yake ilikuwa Kenneth, mwenyekiti wa steji, ambaye mdomo wake haujawahi kufungwa hata kwa chakula.

Basi akaenda kwa Kenneth mwenyewe kuomba ushauri, ili angalau acheke mapema amalize.

"Wewe unateremka na injini inawaka?" Kenneth alishangaa. "Ndugu yangu, mteremko ni wa bure! Zima, jiachie. Sisi tunashuka hivyo kila siku, petroli inalala."

Jumatatu Maate akiwa juu, na magunia yamefungwa nyuma, alizima, akajiachia. Alichosahau ni kwamba boda ikizimwa, breki zinamudu mtu na kuku wake wawili. Chura mwenye magunia ni mlima mdogo unaoshuka mlima mkubwa, na kinachomzuia hasa ni injini. Breki zilianza kunuka kwenye kona ya kwanza. Kona ya pili hakuiona vizuri. Alisimama katikati ya mihogo ya mzee Kambale, majani yamemjaa kwenye shati.

"Umekuja kupalilia?" Kambale aliuliza akiwa mlangoni. "Basi anzia upande ule."

Siku iliyofuata Maate akaenda Kinyamaseke kwa fundi Hamuza. Hamuza alifungua chujio la hewa, akaligonga chini, likatoa vumbi la kutosha kusiriba nyumba.

"Huyu mnyama anapumua kupitia blanketi," alisema. "Na hizi tairi, nani alizitoa upepo?"

"Mimi. Wakati wa matope."

"Matope iliisha, upepo haikurudi. Na hiki kitufe?" Hamuza aligusa kitufe cha kuzungusha magurudumu yote manne. "Umekuja nacho kimewashwa hivi hivi kwenye lami?"

Maate alikuwa nacho hivyo tangu apewe Chura. Aliona kama mtu amepewa miguu minne, kutembea kwa miwili ni kudharau zawadi.

Hamuza akajaza upepo, akasafisha chujio, akamwonyesha magurudumu manne ni ya matope tu, gia ya nguvu ni ya kupanda tu, na mafuta hukanyagwa pole pole kama mtu anayeingia kanisani kwa kuchelewa. Maate akafuata yote. Jumatano Chura alipanda akashuka, mshale wa mafuta ukasogea kwa adabu. Alhamisi vilevile. Maate akaanza kupiga mluzi.

Kisha akakumbuka kesho ni Ijumaa, siku ya soko Mpondwe. Mluzi ukakatika.

Sababu alikuwa anaijua siku zote. Si mlima, wala si chujio. Sababu ilikuwa mkwewe, Mama Gorret, na huwezi kwenda kwa tajiri wako ukamshtaki mama wa mke wako. Mkwe hasemwi.

Ijumaa asubuhi, akiwasha injini, Madame Kaswera alitokea amejifunga kitenge kipya, akapanda nyuma bila kuombwa.

"Twende. Leo nataka kuona ile milima inavyokunywa."

Walipanda, wakafunga magunia, wakaanza kushuka. Mshale ulikuwa bado unatabasamu. Walipofika njia panda, Mama Gorret alikuwa amesimama pembeni na mikungu yake ya ndizi, kama kila Ijumaa. Maate alisimamisha, akashuka, akainamisha macho na kumsalimia kwa mbali. Akachukua ndizi, akazifunga juu ya magunia. Mama Gorret akashukuru akitazama upande mwingine. Kisha akaanza kutembea mbele, kwa miguu, mikono nyuma.

Maate akaweka gia ya nguvu, akamfuata. Pole pole. Chura alikoroma nyuma ya mama mkwe kama ng'ombe anayepelekwa mnadani.

Madame Kaswera alivumilia hadi kwenye mikaratusi.

"Mbona hapandi?"

"Madame, ni mkwe wangu. Kwao mkwe na mkwewe hawagusani. Kiti ni kimoja."

"Basi mupite, utamungojea sokoni."

"Nimrushie vumbi mama wa mke wangu?"

Mama Gorret akakutana na jirani, akasimama kumsalimia. Walianza na watoto, wakaja kwa mbuzi, wakaingia kwa wagonjwa. Injini ilikuwa inanguruma mahali pamoja.

"Zima basi!" Madame Kaswera alisema kwa sauti ya chini.

"Nikizima, lazima niwashe tena. Na kuwasha mbele yake ni kama kumwambia, 'Mama, umalize twende.'"

Madame Kaswera alimtazama dereva wake, akautazama mshale, ambao sasa ulikuwa umeacha kutabasamu. Tumbo lake likaanza kutikisika. Alicheka hadi akashika gunia asianguke.

"Ee Maria! Kila Ijumaa petroli yangu inasindikiza mama mukwe kwa soko!"

"Madame, tafadhali, atasikia."

"Anasikia tayari. Mama! Mama Gorret! Kuja hapa."

Maate alitamani mihogo ya Kambale ingekuwa karibu, ajifiche. Lakini Madame Kaswera alikuwa ameshashuka. Alifungua kamba za gunia moja la kahawa, akaliburuta na kulisimamisha katikati ya kiti, akalifunga kwa mpira. Ukawa ukuta.

"Mama, huyu kijana yako, asipofika kesho na mafuta, anapoteza kazi. Mukwe hawagusani, sawa, miye naheshimu. Lakini hapa iko gunia. Umewahi kusikia mutu aliguswa na mukwe wake kupitia kilo hizi zote za kahawa?"

Mama Gorret alilitazama gunia kwa makini. Aliligonga kwa kidole kupima unene.

"Na macho?" aliuliza.

"Utaangalia nyuma. Yeye anaangalia mbele. Hamutaonana mpaka Mpondwe."

Mama Gorret akafikiri. Jirani yake naye akafikiri, maana mambo kama hayo hayafikiriwi na mtu mmoja.

"Maate angefukuzwa kazi kwa ajili yangu?" Mama Gorret alimuuliza Madame Kaswera, si Maate.

"Kesho."

"Mbona hakusema?"

"Wewe iko mukwe. Angekuambia namna gani?"

Mama Gorret akapanda. Alikaa ameupa mgongo ukuta wa kahawa, miguu inaning'inia nyuma, kitenge amekibana vizuri. Madame Kaswera aliipungia boda iliyokuwa inashuka. "Miye nitafuata. Uzito inatosha," alisema.

Maate alitoa gia ya nguvu, akakanyaga kwa adabu ya mchelewaji kanisani. Chura alishuka bila kukoroma. Mama Gorret aliwasalimia watu akiwa amewapita tayari, na kwa mara ya kwanza maishani salamu zake zilikuwa fupi, kwa kuwa wenye kujibu walikuwa wanabaki nyuma.

Karibu na mto, kaka yake Mama Gorret, amebeba jogoo, alinyoosha mkono asimamishiwe. Maate akaanza kupunguza mwendo.

"Usisimame!" sauti ilitoka nyuma ya gunia. Kisha, kwa kaka yake: "Tembea! Uzito inakunywa mafuta ya watu! Unataka mkwe wangu arudie boda?"

Jumamosi jioni Madame Kaswera alifungua kifuniko cha tanki mbele ya steji nzima, akamtikisa Chura kwa makalio, akatega sikio. Chini kabisa kulikuwa na sauti ya kitu kinachocheza. Hakikuwa kingi, lakini kilikuwepo.

"Christophe atafute punda," alisema, akafunga.

Kenneth alisogea. "Kumbe uliteremka umezima?"

"Hapana," Maate alisema. "Niliteremka nimebeba mkwe."

Kenneth alifungua mdomo ajibu, akaufunga.