Dizeli ya Taratibu

Kabla ya kulichomelea pipa, fundi alilijaza maji karibu hadi mdomoni. Pipa lililowahi kubeba dizeli hubaki na mvuke tumboni hata likioshwa kwa sabuni mara tatu, na mvuke huo ukikutana na cheche hauombi radhi. Alililaza juu ya ekseli ya trela mbovu, akalichomelea miguu minne ya chuma, akalifunga kwa mikanda miwili ya bati nene ili lisicheze. Magurudumu aliyatoa kwenye pikapu iliyofia nyuma ya karakana. Pampu ilikuwa ya kuzungusha kwa mkono. Chujio ndilo lilikuwa jipya peke yake. Chini akaning'iniza mnyororo wa kuburuta ardhini, ili umeme unaojikusanya kwenye chuma upate pa kwenda.

Kazi ya siku nne aliimaliza kwa siku mbili. Tangu kaka yake afariki, miezi mitatu iliyopita, mwanamke huyu alikuwa hakaliki. Chai aliinywa amesimama. Nati aliikaza, akaondoka, akafika mlangoni, akarudi kuikaza tena.

Kaka yake alikuwa dereva wa trekta katika shamba hilohilo alilofanyia kazi fundi, kwa miaka kumi na tisa. Wenzake walimwita Taratibu, kwa sababu akiendesha hata kuku walimpita. Siku aliyofariki, trekta lilimwishia mafuta katikati ya mteremko, nyuma likivuta trela iliyosheheni mahindi. Injini ikazima, breki hazikushika, trela ikamvuta kinyumenyume hadi mtaroni. Fundi alikuwa ameomba vipuri vya breki mara tatu kwa maandishi. Ripoti ya meneja ilikuwa na mstari mmoja: uzembe wa dereva, mwendo wa kasi.

Jumatatu saa nne asubuhi mkokoteni huo mpya wa mafuta ulivutwa hadi mashamba ya juu. Zamani madereva walitembea nusu saa na dumu begani kila tangi lilipokauka. Sasa walipanga foleni pale pale kwenye matuta, wakisifia na kukosoa kama watu wanaokagua bibi harusi. Fundi alizungusha pampu. Alijaza trekta la kwanza, la pili na la tatu. La nne lilikuwa la Taratibu.

Trekta hilo lilikuwa limekatwa vipande na kurundikwa nyuma ya karakana, na vipande vilikuwa bado vipo. Mtunza stoo alikwenda kuviangalia baadaye, akavikuta vyote. Hata hivyo lilikuwa linanguruma kwenye foleni, na Taratibu amekaa juu yake, kofia kaipindua nyuma.

"Weka hata nusu, mdogo wangu," alisema. "Nilibakiza matuta sita."

Fundi alifungua kizibo cha tangi, akaingiza mpira, akazungusha. Dizeli iliingia na wala haikuvuja popote.

"Kaka, chuma cha hili dude la mafuta nilikiomba tangu mwaka jana. Nikaambiwa nisubiri."

"Najua. Hujakosea kitu. Ila nati ya huku kushoto umeikaza mno."

Dereva wa nyuma akapiga honi. "Mwenye shughuli za kifamilia akae pembeni! Wengine tuna zamu!"

Taratibu akasogea. Jioni matuta sita yalikuwa yamelimwa, yamenyooka kama yamepigwa rula.

Siku ya pili kabla ya kazi alikwenda ofisini, fundi akimfuata nyuma na spana mkononi, hakumbuki kwa nini aliibeba. Meneja aliwakaribisha viti. Taratibu akaeleza yote bila kupandisha sauti: tangi lilivyokauka, mguu ulivyokanyaga breki ukazama hadi chini. Meneja alisikiliza mpaka mwisho.

"Pole sana," alisema. "Na nakuamini. Shida ni kwamba ripoti imeshafungwa. Kuifungua kunahitaji maelezo ya shahidi, na shahidi lazima aweke dole gumba."

"Nipe wino, bosi."

Taratibu alibonyeza dole kwenye wino, kisha kwenye karatasi. Karatasi ilibaki nyeupe. Akarudia mara nne. Palipobonyezwa palinukia dizeli, basi.

"Unaona," meneja alisema kwa upole. "Fomu haina sehemu ya harufu." Kisha akasifu matuta ya jana, na kabla hawajatoka akawa ameshamwandika Taratibu zamu ya mchana, bila chakula, kwa kuwa hali kitu.

Mjane wake alizipata habari kwa majirani. Alikuja karakana akiwa na beseni la nguo zilizoloa kiunoni.

"Wifi, ni kweli kaka yako amerudi?"

"Ni kweli."

"Amerudi kazini. Nyumbani je? Au mimi ndiye niliyemuua?"

Fundi aliendelea kufuta mikono iliyokwisha kuwa safi. "Mlinzi hamruhusu, wifi. Geti la nyumba za wafanyakazi lina orodha ya wakazi. Alifutwa siku ya mazishi."

Mjane akatua beseni chini. Yeye mwenyewe alikuwa na barua mfukoni: nyumba ni ya dereva mwenye rekodi safi, aiachie kabla ya mwezi kwisha. Akaitoa, wakaisoma wote wawili, ingawa kila mmoja alishaisoma. Fundi akaipeleka ofisini, akagonga meza, akapaza sauti mpaka makarani wakafunga madirisha. Meneja akamwonea huruma. Alikuwa mtu wa huruma nyingi. Ripoti ikabaki kabatini na mstari wake mmoja.

Alichoweza kutoa meneja alikitoa: trekta moja la kuhamisha vyombo, dizeli ya shamba, na kibali cha kupita getini safari moja tu. Siku ya Jumamosi matrekta yote yalikuwa kwenye mavuno, isipokuwa la zamu ya mchana. Kibali kikaandikwa jina la Taratibu.

Mlinzi alikisoma, akafungua geti. Taratibu aliingia nyumbani kwake, akavua viatu mlangoni, akabeba kitanda yeye na fundi, kisha kabati, masufuria, godoro. Mkewe alimwelekeza kila kitu kikae wapi kwenye trela na hakumtazama. Walipomaliza alipanda, akakaa kwenye bati la gurudumu, pembeni ya mumewe. Fundi akajibana nyuma kwenye trela kati ya viti vya sebuleni, akashikilia kioo cha kabati kisivunjike.

Kwenye chumba kipya, kando ya barabara kuu, walishusha vyote. Mke alisimama mlangoni.

"Unalala wapi?"

"Silali."

"Unasikia baridi?"

Taratibu alifikiri. "Upepo kule juu unapita ndani yangu kidogo."

Mke akafungua furushi, akatafuta chini kabisa, akatoa sweta la kijivu la mumewe. Akamvalisha, akamfunga vifungo vyote, hata cha shingoni ambacho hakuwahi kukifunga. Ndipo akalia.

Jumapili dereva mwingine na wanawe walihamia kwenye ile nyumba. Jumatatu fundi aliuvuta mkokoteni hadi shambani. Saa nane mchana Taratibu alikuwa kwenye foleni, amevaa sweta. Zamu yake ilipofika, fundi alifungua kizibo, akamjazia.